Kigoda Nje ya Pazia

Saa mbili na nusu asubuhi, kigoda cha plastiki cha bluu kinatua kwenye kona ya chumba cha dharura, na watu wazima wenye vyeti vyao wanaanza kujiweka sawa kama watoto waliosikia baba anafungua geti.

Muuguzi aliyekuwa anachezea simu anaigeuza kifudifudi. Daktari kijana anavaa koti. Mwingine anafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa kiwiko chake, halafu anajifanya alikuwa anasoma.

"Mkaguzi kafika," ananong'ona dereva wa ambulensi, kwa mnong'ono wa kusikika mpaka famasi.

"Mkaguzi ni wa tiketi," anajibu mwenye kigoda bila kugeuka. "Mimi nimekuja kukaa tu."

Anaitwa Mama Kigoda. Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho anachokivaa shingoni, lakini hapa hakuna anayelitumia. Hata mlinzi wa getini akimwona anasema, "Mama Kigoda, leo umechelewa, wameshaanza kufanya kazi vibaya bila wewe."

Na kweli kazi yake ni kukaa. Anakaa na kuangalia jinsi chumba hiki kinavyoishi na mgeni aliyefungwa ukutani karibu na dawati la wauguzi. Mgeni mwenyewe ni programu ya akili bandia inayosoma kipimo cha moyo kabla daktari hajafika.

Mtu akiingia ameshika kifua, anapimwa. Waya zinabandikwa, mawimbi yanatoka, na programu inayapitia kwa muda wa kupiga chafya. Ikihisi mshipa wa moyo umeziba mahali, kioo kinageuka chekundu na king'ora kinalia. Hapo muuguzi ana vitufe viwili vya kuchagua. Kimoja kimeandikwa "Mwite daktari", kingine "Nimeona".

Wafanyakazi wameibatiza mashine hiyo Shangazi.

"Kila ukoo una shangazi mmoja," anaeleza dereva wa ambulensi, ambaye ndiye mbatizaji. "Mtoto akikohoa, anataka kikao cha familia. Wali ukiungua, anataka kikao cha familia. Basi huyu ndiye wetu."

Utani huo ndio uliomweka Mama Kigoda kwenye kona. Hospitali ilitaka kujua kama mashine inatumika kweli, nani anaitumia, nani anaipuuza na kwa nini. Baada ya mwaka wa majaribio, kamati ingeamua ibaki au irudishwe, na ingeamua kwa kutegemea ripoti yake.

"Kitu kipya kikiletwa, watu wanapiga nacho picha," anasema. "Rudi baada ya miezi mitatu, unakuta kimetundikwa koti. Sasa mimi nipo hapa kuuliza koti ni la nani na kwa nini limetundikwa pale."

Zamani alikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake. Siku moja alimwinua mgonjwa mzito peke yake, mgongo ukakataa, na tangu hapo hawezi kusimama zamu nzima. Kazi ya kutathmini aliipata kwa mkataba wa mwaka mmoja, mshahara ukiwa pungufu ya ule wa wodini.

"Mume wangu akiulizwa mkeo anafanya kazi gani, anajibu, 'Anakaa.' Halafu anaongeza, 'Na nyumbani akirudi anasema amechoka.'" Anacheka kwa kushika mgongo.

Wiki zake za kwanza hazikumpa kitu. Akiwepo, kila mtu alimsikiliza Shangazi kwa adabu. Akienda kunywa chai, anarudi anakuta king'ora kimezimwa na hakuna anayejua nani amekizima. Ikabidi awe anakaa mpaka wamzoee, kama paka wa jirani.

Walipomzoea, akaanza kuona. Kati ya kelele kumi za Shangazi, saba zilizimwa kwa "Nimeona" kabla karatasi ya mawimbi haijatazamwa. Na karibu zote zilizozimwa zilikuwa za wanawake.

Alimuuliza muuguzi wa dawatini, dada mmoja mwenye urefu wa mlango anayeitwa Sista Mrefu. Jibu lilikuja bila kona.

"Mama Kigoda, huyu Shangazi ana ugomvi na wanawake wenzake. Baba akija, anatulia kama anaposwa. Mama akija tu, mbiu ya mgambo! Tulikuwa tunamwita daktari kila mara. Daktari anakuja mbio, anampima mama upya, hamna kitu. Mara ya kumi daktari akaniuliza kama nina ugomvi naye mimi. Basi, nikaanza kuzima."

Hakuwa mvivu wala hakuwa anaogopa mashine. Alikuwa amejifunza, kama mtu yeyote anavyojifunza mbwa yupi wa mtaani anabweka bure.

Halafu akaja Mwalimu.

Mwalimu ni mama mmoja, mkuu wa shule mstaafu. Alifika kwa miguu yake, mkoba kwapani, akasema ana kiungulia na mkono wa kushoto umechoka kama alikuwa anasahihisha madaftari. Akapimwa, na Shangazi akalia.

Dawatini kulikuwa na foleni. Sista Mrefu alitupa jicho, akaona ni mama, akabonyeza "Nimeona". Mwalimu akapewa dawa ya gesi na kuelekezwa kwenye benchi.

Kwenye kona, Mama Kigoda aliweka alama yake: imezimwa.

"Nilikuwepo," anasema, na sauti ya utani inampotea. "Kazi yangu ni kuangalia, si kuingilia. Basi nikaangalia."

Pale kwenye benchi Mwalimu alianza kutoka jasho, uso ukawa rangi ya majivu, mkoba ukamdondoka. Aliyemkimbilia ni Sista Mrefu mwenyewe. Kipimo cha pili kilionyesha wazi: mshipa wa moyo umeziba. Akawahishiwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na akapona. Lakini saa nzima ilikuwa imeliwa na benchi, na sehemu ya moyo wake haitarudi kama zamani.

Jioni ile Mama Kigoda hakula. Mumewe alimuuliza kulikoni, naye akasema neno moja: "Gesi."

Mume alielewa. Dada mkubwa wa mkewe aliondoka vivyo hivyo, miaka mingi nyuma, akiwa na chupa ya dawa ya gesi mkononi. Yeye hakupata kipimo cha pili.

Asubuhi yake daktari mkuu wa kitengo alimsimamisha kwenye korido. Ni mtu mwema, lakini siku hiyo alikuwa amekasirika.

"Mama, hii mashine ni hatari," alisema. "Inabweka mpaka watu wameziba masikio. Kelele za bure ni mbaya kuliko kimya. Andika haifai, irudi ilikotoka."

"Na akina mama?"

"Akina mama tutawapima kama tulivyowapima siku zote."

"Daktari," akasema Mama Kigoda, "siku zote tuliwapa dawa ya gesi."

Daktari alimpa mpaka kikao cha mwisho wa mwezi alete sababu. Asipokuwa nayo, mashine inang'olewa.

Sababu ilikuja kwa mzaha, mchana wa mvua, wagonjwa wachache, chumba kizima kinapiga miayo.

"Jamani," dereva wa ambulensi akasema, "huyu mama anakaa hapa kimya miezi minne. Hatumjui. Tumpime tuhakikishe ana moyo."

Wakacheka wote. Mama Kigoda, ambaye hajawahi kushindwa utani, akasimama, akapanda kitandani. Pazia likavutwa.

Mpima moyo wa zamu alikuwa Mjomba. Ni mzee wa hospitali hii, amebakiza mwaka mmoja astaafu, na vijana wote wanaopima moyo amewafundisha yeye. Wagonjwa wanampenda. Kuna akina mama wanaokuja na kuuliza, "Yule Mjomba yupo? Kama hayupo nitarudi kesho."

"Dada, legeza kola kidogo tu," Mjomba akamwambia huku ametazama ukutani. "Usihangaike na vifungo. Mengine niachie."

Mkono wake ukapitia kwenye kola, haraka na kwa adabu, ukabandika. Waya nyingine akazipitisha ubavuni chini ya blauzi, kwa kukadiria. Hakumtazama hata mara moja.

Shangazi akapiga kelele.

"Kumbe moyo anao!" dereva akapayuka nje ya pazia. "Ila umeharibika!"

Kicheko kilianza, kikafia njiani. Kioo kilikuwa chekundu kweli. Daktari kijana akaingia, akamuuliza kama anaumwa kifua, kama anapumua vizuri. Mama Kigoda hakuwa anaumwa chochote zaidi ya mgongo wake wa kila siku.

"Mjomba, samahani, nipishe," akasema Sista Mrefu. "Nirudie mimi."

Akavuta pazia vizuri, akamfungua vifungo vyote, akahesabu mbavu kwa kidole, akabandika upya, akabonyeza.

Kimya. Kioo kikabaki cheupe.

Mama Kigoda akainamisha kidevu kujitazama. Juu kifuani, karibu na kola, kulikuwa na alama mbili za mviringo, za gundi, pale alipobandika Mjomba. Vibandiko vya Sista Mrefu vilikaa chini yake, pengo la vidole vitatu.

Vidole vitatu tu. Wanaopima moyo wanajua kwamba vibandiko viwili vya mwanzo vikikaa juu sana, mawimbi yanapinda na moyo mzima kabisa unaweza kuonekana mgonjwa. Na Mjomba alijua pa kubandika. Kwa wanaume alibandika sawasawa kila siku, maana mwanamume anavua shati kabla hajaambiwa. Kwa akina mama aliishia pale ambapo kola inaruhusu, na hapo ndipo kelele za bure zilipozaliwa.

Mashine ilifundishwa kusoma moyo. Haikufundishwa kwamba kuna aibu, na kwamba watu wanaizunguka kwa upole.

"Unajua kilichoniuma?" anasema Mama Kigoda. "Nimekaa pale miezi minne. Naangalia mlango, naangalia kioo, naangalia kidole cha nani kinabonyeza. Mama akipandishwa kitandani na pazia likivutwa, mimi nageuza uso. Kwa heshima. Mahali pekee ambapo sikuangalia ndipo jibu lilipokuwa limekaa linanisubiri."

Sasa alikuwa na sababu, na ilikuwa na sura ya mtu.

Akiandika ukweli, mashine inabaki na akina mama wanasikilizwa. Lakini hospitali nzima itajua ni mkono wa nani, na mzee atastaafu akinyooshewa kidole kwa yaliyompata Mwalimu, maana ndiye aliyempima. Asipoandika, Mjomba anaondoka na keki yake ya kustaafu, na benchi linaendelea kupokea akina mama wenye gesi.

Hakutaka mzee aisikie kikaoni. Alimfuata kwenye chai, akamweleza yote, taratibu.

Mjomba aliweka kikombe chini. "Dada yangu, kabla yangu walikuwa wanawavua akina mama hapa kama kuku. Mlango wazi, watu wanapita. Wengine walikuwa wanakataa kipimo, wanarudi nyumbani kufa. Mimi ndiye niliyewarudisha. Hajatoka mama kwenye pazia langu analia kwa aibu. Hata mmoja."

"Najua, Mjomba."

"Sasa unaniambia heshima yangu ndiyo iliyowaumiza?"

Mjomba akaondoka chai ikiwa nusu. Kwa siku kadhaa hakumsalimia, na chumba kizima kikajua kuna kitu, maana hata dereva aliacha utani.

Aliyeufungua mdomo wa Mjomba ni Mwalimu.

Alirudi kliniki, amekonda, mkoba uleule kwapani, na habari ya vibandiko alikuwa ameshaipata kwa Sista Mrefu. Ilibidi apimwe tena, na wa zamu alikuwa Mjomba. Kwa mara ya kwanza, Mama Kigoda alibeba kigoda chake mpaka kwenye pazia, akabisha hodi, akaomba ruhusa ya kukaa ndani.

"Karibu, hata ukitaka kuleta na majirani," Mwalimu akamjibu.

Mjomba akaanza kwa mazoea. "Mama, legeza kola kidogo tu, usihangaike na..."

"We kijana," Mwalimu akamkatiza. Mjomba ana mvi kichwa kizima. "Siku ile ulinibandika wapi?"

Mjomba akaonyesha, bila kugusa.

"Na panapotakiwa ni wapi?"

Akaonyesha tena, chini zaidi.

"Kwa nini hukufika?"

"Nilikuheshimu, mama."

Mwalimu akamtazama kwa jicho la mtu aliyesimama mbele ya madarasa maisha yake yote. "Nimezaa watano, nimenyonyesha watano. Kifua changu si siri ya serikali. Heshima yako nimeipokea, baba, na ahsante. Lakini siku ile ilibaki kidogo wanizike nayo."

Halafu, kwa sauti ya chini, akaongeza, "Ila usinivue kama kuku pia. Tafuta njia."

Mjomba alimaliza kipimo, safari hii kwa kumwomba Sista Mrefu aje abandike. Kisha akatoka, akashuka ngazi, akapitia mlango wa nyuma mpaka kwenye chumba cha dobi, ambako kuna fundi anayeshona mashuka yaliyochanika.

Haijulikani walizungumza nini. Kinachojulikana ni kwamba fundi alisikika akilalamika, "Mjomba, nguo ya mwanamke unaniagiza kwa kuchora kwenye kiganja?" na kwamba kesho yake kulikuwa na kiblauzi cha ajabu, kimekatwa kwenye mashuka ya zamani. Mbele kina vipande viwili vinavyopishana kama milango, vya kufunga kwa kamba. Unafungua kidirisha hiki, unabandika, unafunika. Unafungua kile, unabandika, unafunika. Mama anabaki amevaa muda wote.

Dereva wa ambulensi alikijaribu juu ya sare yake, akazunguka nacho chumba kizima kwa madaha. Alipofika mbele ya Mjomba, Mjomba akacheka. Utani ukarudi kazini.

Jioni hiyo Mjomba alikuja kwenye kona. Hakukaa, maana kigoda ni kimoja.

"Andika," alisema.

"Niandike vipi, Mjomba?"

"Kama ilivyokuwa. Mpimaji alikuwa anabandika juu kwa akina mama. Ukitaka jina, andika jina. Lakini ukiandika nilichokosea, andika na blauzi."

Ripoti haikuwa na jina. Iliandika kwamba wapimaji wa kiume walikuwa wanabandika juu kwa wanawake kwa sababu hospitali haikuwapa faragha wala nguo ya kufanyia kazi kwa adabu, na kwamba mtathmini mwenyewe hakuingia nyuma ya pazia mpaka alipopandishwa kitandani kwa mzaha. Kwenye kikao, daktari mkuu aliisoma sehemu hiyo mara mbili. Kisha akauliza blauzi ngapi zimeshashonwa.

Shangazi ameachwa amalize mwaka wake wa majaribio. Kelele za bure kwa akina mama zimepungua sana, ingawa hazijaisha, na Mama Kigoda anakataa kusema mashine imeshinda.

"Bado inakosea. Na watu bado wanakosea. Jana tu nimemkuta kijana mmoja mpya anapitia kwenye kola, blauzi ipo pembeni imekunjwa vizuri kama ya maonyesho. Nimemwita Mjomba." Anatabasamu. "Mjomba amekuwa mkali kuliko mimi."

Mkataba wake nao unaisha Shangazi atakapomaliza miezi yake. Hospitali nyingine imeshauliza kama anaweza kwenda kukaa kwao, maana nao wameletewa mashine kama hii na wanasema ina ugomvi na wanawake.

"Nitakwenda, mgongo ukiruhusu," anasema. "Ila huko sitaanzia kwenye kona. Nitabisha hodi kwenye pazia siku ya kwanza. Nataka asiwepo mtoto wa mtu mwingine anayebaki na chupa ya dawa ya gesi mkononi, huku mimi nimekaa naangalia tu."

Kabla hajamaliza, mlango unafunguka. Binti anamwingiza mama yake kwa kumshika kiuno. Mama anasema si kitu, ni kiungulia tu, ni huyu mtoto ana wasiwasi.

"Karibu, mama," anasema Mjomba. "Vaa hii, inafungukia mbele. Nitakuomba ruhusa kila ninapogusa. Ukisema basi, naacha."

Pazia linavutwa. Kigoda cha bluu kinainuliwa kutoka kwenye kona, hodi inapigwa, na kinapotelea ndani.

Kisha kioo kinageuka chekundu na Shangazi analia.

Kidole cha Sista Mrefu kinafika juu ya vitufe. Anainama, anasoma mawimbi mpaka mwisho wa karatasi. Anabonyeza kile cha kumwita daktari, na kwa kuwa hamwamini mtu yeyote hata mashine, anapiga na ukelele: "Daktari! Kitanda cha pili, sasa hivi!"

Chumba kizima kinahamia upande mmoja. Dereva anasukuma kitanda, daktari kijana anakimbia koti likiwa bega moja. Juu ya dawati simu ya muuguzi inaita, kioo chake kimetazama juu, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kuigeuza.